Farasi Aliyeachiwa Nafasi

Zangi alikuwa akipaka kijani kwenye mkia wa tausi aliyemchora, pale Golandam, binti wa kaka yake, alipoingia karakanani bila hodi, shungi limemwangukia mabegani.

"Baba mdogo, weka brashi chini."

"Subiri nimalizie manyoya haya mawili."

"Baba hatunaye tena. Alisali alfajiri, akaandika ukurasa mmoja, akajilaza. Hakuamka."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," Zangi alisema. Brashi ikamponyoka, ikamwangukia tausi.

Kaka yake, Ruzbahan, alinakili vitabu hapa Shiraz kwa miaka arobaini. Aliandika hadithi za wafalme, akiacha uwazi palipotakiwa picha, na ndani ya uwazi akiandika kwa wino hafifu kitu cha kuchorwa. Zangi hakujua kusoma. Kaka alimsomea, yeye akachora, na rangi ikayafunika maneno yale. Kwa kazi hiyo walilea nyumba mbili. Kwa kazi hiyo hiyo waligombana, maana Ruzbahan alikuwa mchoyo wa nafasi.

"Kaka, hili ni tundu la panya," Zangi alilalamika siku tatu kabla. "Farasi wa mfalme ataingiaje humu?"

"Mkunje miguu."

"Huyu ni farasi au mbuzi wa kuchinjwa?"

"Watu wananunua hadithi, bwana. Wewe na farasi wako ni wageni tu humu ndani."

Zangi akaondoka bila kuaga, na tangu hapo hakukanyaga kwa kaka yake. Sasa, akimfuata Golandam kupitia sokoni, jambo alilolifikiria ni hilo. Ruzbahan amekwenda kwa Mola wake na kinyongo. Nani sasa wa kuombwa radhi?

Nyumbani kwa marehemu, Golandam alimpa ukurasa wa asubuhi ile. Mistari ilikuwa minne tu, imebanwa juu kabisa. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe yote, ila wino hafifu katikati. Zangi hakuwahi kuachiwa nafasi kama ile.

"Kuna maneno humu?"

Golandam akasoma: "Mdogo wangu, huyu farasi asimame wima. Njoo kesho tule pamoja, nyumba imepoa bila wewe."

Zangi akakaa sakafuni, akalia kwa sauti.

"Utayafunika?" Golandam aliuliza.

"Nitayafunika. Kwato zote nne zitakanyaga hapo. Nikiyaacha wazi, baba yako atanitukana huko aliko."

"Hata asingengoja umalize," Golandam alisema, akicheka huku machozi yakimtoka.

Pembeni ulikuwapo mtungi wa maranda ya kalamu za matete. Ruzbahan hakutupa hata moja tangu ujana wake. Aliusia yawashe moto wa maji ya kumwoshea. Zangi akauwasha mwenyewe. Maranda ya miaka arobaini yaliteketea upesi, maji yakapata uvuguvugu tu, ikabidi kuongeza kuni.

Akamwosha kaka yake. Wino wa kidole cha kati haukutoka, akauacha.

Wakamswalia baada ya Alasiri. Zangi akashuka kaburini, akamlaza kwa ubavu wa kulia, uso Kibla, akafungua fundo la sanda kichwani.

"Niwie radhi, kaka," alisema.

Wakampa mkono akapanda juu. Akatupia udongo mara tatu, kisha wengine wakafukia.