Kaptula ya Baba

Jioni zetu za Walukuba, miaka ile ya tisini, zilinuka dawa ya kuchua. Baba alikuwa akipakia magunia ya sukari kwenye malori mjini Jinja, na kila akirudi Mama alimchua mabega. Ah, mabega yale! Lakini nyama yote ilikuwa imeishia huko juu. Chini alibaki na miguu myembamba kama njiti, na wala hakuwa mgonjwa. Sikuwahi kuiona kasoro hiyo mpaka Krismasi waliyonichukua mara ya kwanza kwenda Nakaloke, karibu na Mbale, kwa Mjomba, kaka yake Mama.

Mjomba alikuwa na mabega ya kawaida tu, ila alizoea kushusha matoke kutoka mlimani kwa miguu, na vigimbi vyake vilijaa vikametameta. Binti yake Khainza, rika langu, alinionyesha vigimbi hivyo kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa kwao. Kisha akaniuliza baba yangu alisahau wapi vya kwake. Nilimwonea wivu; nasema kweli, niliichukia hata miguu ya Mjomba.

Kwao, kila baada ya Krismasi, wakwe waliooa pale na wenyeji walivutana kamba mbele ya jamaa wote. Baba aliingojea siku hiyo mwaka mzima, maana mashemeji walimwita mtu wa tambarare, na safari hii alikuja na kaptula maalumu. Asubuhi nikaiiba, nikaifukia ndani ya pipa la mahindi, ili Khainza asipate cha kucheka. Baba akavuta kamba na suruali yake ya kanisani. Upande wake ulikuwa unashinda kabisa, hadi alipokanyaga pindo akaanguka kifudifudi. Mashemeji walicheka mpaka machozi. Baba alijifuta matope, akaniangalia. Hakushika kamba tena.

Leo nachua watu kwenye kliniki hapa Jinja, na nimeshika miili ya kutosha kujua kwamba hakuna wazima wawili waliogawiwa nyama sawasawa: huyu mgongo, yule mapaja. Najua yote hayo, lakini Khainza akija kunitembelea na vigimbi vyake vya urithi, bado navuta sketi nifunike miguu yangu, ambayo ni ya Baba kabisa.

Juzi nilikuwa nikimvisha Baba kaptula, maana hata mabega sasa yamekwisha. Akanishika mkono.

"Ile ya Nakaloke uliiweka wapi?"

"Kwenye pipa la mahindi, Baba."

"Mle sikutafuta," akasema, akaninyooshea mguu wa pili.