Goti Langu na Mikono ya Mama

Mama yangu, Ng'washi, aliheshimika kwetu Igunga kwa mambo mawili: shamba lake la pamba halikuwa na magugu, na watoto wake walikuwa na adabu. Adabu yenyewe ilikuwa magoti. Msichana wa Kisukuma akikutana na mkubwa hupiga magoti kwanza, hata penye matope, ndipo asalimie.

Goti langu la kushoto lilikuwa bovu. Tangu nina miaka minane, nikipiga magoti, pia yake, kile kifupa cha mbele, ilikuwa ikichomoka na kuhamia upande wa nje. Kila mara mama alikuja bila haraka, akaninyoosha mguu, akaisukuma kwa dole gumba mpaka ikarudi. Kisha alisema, "Haya Tekla, maliza salamu." Nami nilimaliza. Mwanzoni nililia. Baadaye maumivu nikawa nayasikia kwa mbali, utadhani ni ya mtu mwingine.

Mwaka 1975, tulipokwisha kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, nilianguka kisimani na safari hiyo pia ya goti ikagoma kurudi. Tukapanda basi hadi hospitali Tabora.

Daktari alimwuliza mama, "Linachomoka mara ngapi?"

"Kila akisalimia."

"Na likichomoka?"

"Namrudishia, anaendelea."

"Mama, kila linapochomoka mfupa unasagika. Nisipompasua, atakuwa kilema."

Mama akaweka dole gumba kwenye karatasi.

Walilegeza nyama zilizoivuta pia ya goti upande wa nje, wakakaza za ndani, wakanifunga plasta toka pajani hadi kifundoni. Wiki sita mama alilala sakafuni kando ya kitanda changu, na hatukuzungumza la maana. Sikumchukia. Kumpenda nako sikukuona ndani yangu. Nilihesabu vyuma vya dirisha tu.

Siku ya kuondoka daktari alimwambia nisipige magoti miezi sita, kwa mtu yeyote.

"Hata kwa bibi yake?"

"Hata kwa askofu."

Tulifika nyumbani kesho yake asubuhi. Bibi mzaa baba, mwanamke mwenye ulimi mkali, alikuwa ameketi uani na majirani. Mama akapiga magoti, akamwamkia mama mkwe wake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Bibi akaitikia, kisha akanigeukia mimi, akangoja. Majirani nao wakangoja. Nilikuwa nimesimama na fimbo yangu. Mama alinitazama, na kwa kuwa nilimjua, nikaanza kukunja goti.

"Simama," akasema.

Akainuka, akajipangusa mavumbi, akapiga magoti tena palepale.

"Mwangaluka, mayu. Hii ni ya Tekla."

Bibi hakuitikia. Jirani mmoja akakohoa. Mama alibaki chini, kichwa ameinamisha, wala hakuonyesha dalili ya kuinuka, na hapo ndipo nilipoanza kulia.