Plagi Mfukoni

Fundi wa gereji ya jirani, hapa Newala, hakurudishii plagi ya pikipiki mpaka pesa yako iingie kwenye simu yake, na ikishaingia bado hakupi. Huifuta vumbi la salfa, ile dawa ya mikorosho, huitia kwenye mfuko wa shati na kusema, "Tunywe kwanza chai ya Mama Huruma." Mama Huruma ndiye mimi. Msimu uliopita wa korosho, mteja mmoja alilipa, akaondoka, kisha akapigia huduma kwa wateja ya kampuni ya simu kudai katuma kimakosa. Fundi alipopigiwa alikuwa chini ya gari, akaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikiliza, pesa ikarudi kwa mwizi. Tangu siku hiyo anasoma kila ujumbe kwa sauti, kidole chenye grisi kikifuata jina la mtumaji, na wakimpigia kuomba arudishe, jibu lake ni moja: "Sikubali."

Jumanne walimpigia tena. Mikono ilikuwa na oili, akaweka spika. Binti wa huduma akasema kuna elfu tano imeingia kwake sasa hivi kimakosa.

"Katuma nani?"

"Selestina Gasper."

Ni mkewe, aliyehamia Masasi mwaka wa nne sasa, asiyepiga simu wala kutuma salamu. Fundi akakalia tairi.

"Soma tena jina, mwanangu." Akasomewa. "Mara moja tu tena."

Kisha akasema, "Mrudishieni." Mteja aliyekuwa akinywa chai akapewa plagi yake papo hapo, ujumbe wa malipo haujasomwa.

"Kumbe namba yangu hajaifuta," fundi akaniambia.