Mama Barafu na Damu Isiyosubiri

Saa nne kasorobo asubuhi, Mama Barafu anaishika chupa ndogo ya damu kwa vidole viwili, anaipapasa, kisha anafyonya. Chupa ina joto.

"Imetolewa saa mbili na nusu," anasema, akisoma karatasi iliyobandikwa. "Na hii nayo mnaiita sampuli?"

Mhudumu aliyeileta, mtu mzima mwenye familia yake, anaangalia viatu vyake. Lifti imekufa tangu mwezi wa pili, na kutoka wodi ya wagonjwa mahututi hadi maabara kuna ngazi sitini na mbili. Kwa hiyo amefanya wanavyofanya wote: ameitia chupa mfukoni mwa koti, akazunguka wodi nyingine kukusanya za huko, ili ashuke mara moja tu.

Jina hilo la utani alipewa na wauguzi, na si kwa mapenzi. Ni mtaalamu wa maabara, ana miaka arobaini na tisa, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza katika chumba hiki chenye dirisha moja. Miaka yote anaimba wimbo uleule: damu ya kupima lakteti iwekwe kwenye barafu, ifike ndani ya robo saa. Wiki iliyopita pekee alikataa chupa kumi na moja.

Lakteti, kemikali iliyomo kwenye damu, hupanda mwilini viungo vinapokosa hewa ya kutosha. Kwa mgonjwa ambaye mapafu yameshindwa kazi na anapumua kwa mashine, madaktari huitazama kila siku. Ikishuka wanapata moyo, ikipanda wanaanza kuwaandaa ndugu. Balaa ni kwamba damu haifi ikishatoka mwilini. Chembe zake zinaendelea kula sukari humo humo chupani na kutengeneza lakteti zaidi, na joto ndilo linazihimiza.

"Hapo humpimi tena mgonjwa," anasema. "Unapima uzembe wetu."

Simu inalia. Ni daktari wa zamu, anataka namba. Mgonjwa mwenyewe ni fundi cherehani, siku ya sita yuko kwenye mashine, na jana lakteti yake ilisoma 3.1. Saa tano mke na kaka yake wameitwa ofisini kuzungumza kama kuna haja ya kuendelea na mashine. Mama Barafu anamwambia namba hana, mgonjwa atolewe damu nyingine. Daktari anajibu kuwa muda huo hana, mashine ni tatu na wanaozingoja ni wengi. Atoe hicho alichonacho, mengine amwachie yeye. Wanavutana mpaka wenzake maabara wanajifanya wametingwa na kazi.

"Daktari, mwanangu, yule mke hatajua kwamba chupa ilizurura," anamwambia mwishowe. "Atakachosikia ni namba."

Anakata simu. Anajaza barafu kwenye chupa yake ya chai, anapanda ngazi zote huku goti likimuuma, anasimama kando ya kitanda mpaka muuguzi anapomaliza kuvuta damu, kisha anashuka nayo. Kutoka kitandani hadi mezani, dakika tisa. Ananung'unika kwamba kupanda ngazi si kazi yake, na kwa kweli si kazi yake, ila akikaa tu dhamiri itamsuta.

Anapima zote mbili, ile ya zamani kwa ukaidi tu. Iliyozurura inasoma 3.7. Mpya inasoma 2.5. Mtu ni yuleyule, asubuhi ni ileile, ila ya kwanza ingesema fundi anazama, na ya pili inasema anajitahidi kuibuka.

Kikao cha saa tano kinaahirishwa. Na ndugu wanaambiwaje? Kwamba majibu yamecheleweshwa na maabara. Jamani, watu wana uso mkavu.

Saa saba mke wa fundi anateremka mwenyewe, mkoba wa nguo za mgonjwa mkononi, akimtaka huyo aliyewachelewesha. Mama Barafu anasimama, tayari kutukanwa. Anamweleza mambo yalivyokwenda, pamoja na hili: namba haimponyi mtu, na mumewe bado anaweza kufariki. Mwanamke anavuta kigoda, anakaa.

"Mimi na shemeji tulishakubaliana, dada," anasema, "tulikuwa tunangoja kuambiwa tu, tuseme basi."

Mama Barafu anakiri kwamba hapo alitaka kulia, lakini hasira ikamzidi.

Mara nne ameuandikia uongozi akiomba kile kifaa kidogo cha kupimia lakteti kihamishiwe juu, hatua chache kutoka vitandani. Barua zote nne zilijaa dakika na nyuzi joto, na zote zilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Jioni hii anapeleka ya tano, na safari hii ana matumaini. Ina sentensi moja tu, na mke wa fundi, aliyeisema mchana, ameweka saini yake chini.