Ndazi la Jumatano

Redio ndiyo iliyotuharibia. Ilitangaza kwamba ng'ambo, Bukavu, mtu alikula ndazi kwenye kilio na ulimi wake ukageuka mweusi. Basi! Mama yangu alikuwa muuza mandazi sokoni Kamembe, upande huu wa mpaka, na sote tulitoka Bukavu tulipokimbia vita. Hata lafudhi yetu ilitosha kutushtaki.

Miaka ile kila mtu alimwogopa mwenzake, na sumu ilikuwa inasemwa zaidi kuliko salamu. Mwenye chakula alionja kwanza, mgeni akamwangalia akimeza, ndipo naye akala. Hata mama alifanya hivyo kila siku mezani pake.

Lakini siku ile ilikuwa Jumatano, na Jumatano mama alifunga kwa maombi. Jirani yetu, mama mmoja mjane, alishika ndazi akasema, "Maman, onja kwanza."

"Leo nafunga."

"Hata kidogo?"

"Mungu ananiona."

"Na mie batoto yangu bananingoja," jirani alijibu, akalirudisha ndazi taratibu, kama yai.

Ee, soko zima liliona! Mama wa Bukavu amekataa kula chakula chake mwenyewe! Alhamisi alitafuna mandazi mbele ya watu mpaka akapata kwikwi. Wakanong'ona kwamba ya leo ni mazima, ya jana je? Ijumaa hakuuza hata moja. Meza ile ndiyo ilitulisha, hatukuwa na shamba wala baba. Nilikuwa na hasira, nilitaka kuwamwagia mafuta ya moto.

Jumamosi jirani alirudi. Alichukua ndazi, akalikata vipande viwili, kimoja akampa mama, akasubiri. Mama alikula. Jirani alihesabu pumzi zake, nadhani, kisha naye akala, mbele ya wote, akajifuta mdomo. Wakaanza kusogea mmoja mmoja. Saa sita beseni lilikuwa tupu, na mama alilia bila kujificha.

Jioni jirani huyo huyo alituletea sufuria ya maharage. Alionja vijiko viwili mlangoni, tukimtazama. Mama alimshukuru, akamkumbatia, akamwita dada. Kisha akafunga mlango, akapitia nyuma, akayamwaga yote bandani kwa nguruwe wetu.

"Mama! Si ameonja?"

"Ameonja ya juu. Unajua ya chini?"

Tulilala na njaa, harufu ya yale maharage imejaa nyumba nzima. Asubuhi mama aliamka kabla yetu, akaenda moja kwa moja bandani. Nguruwe alikuwa amesimama, mzima kabisa, anasukuma ubao akidai mengine. Nikacheka.

"Unacheka nini?" mama alifoka. "Osha sufuria, upeleke. Useme tulikula, tukashiba."

Nilipeleka. Nilisema vile vile alivyonituma. Jirani alipokea sufuria yake, akachungulia ndani, akanitazama usoni.

"Aksanti, mutoto wangu. Na nguruwe yenu, iko muzima?"