Friji ya Sebuleni

Wifi yangu ni msusi, na mkono wake ni mwepesi. Watoto wa mtaa mzima husinzia mapajani mwake katikati ya msuko, mate yakimdondokea gotini. Mama zao hucheka, naye hucheka nao, ila siku hizi kicheko chake hakifiki mbali.

Wa kwake hasinzii. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini wifi hata huo uchungu alinyimwa. Alipasuliwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, akapoteza damu nyingi, akabaki wodi moja na mwanawe wodi nyingine, ndani ya kisanduku cha joto kilichonguruma usiku na mchana. Alipopata nguvu za kutembea aliruhusiwa kumtazama kupitia kioo tu. Waliomgusa mtoto walikuja na sindano.

Nyumbani, kila akibebwa na mama yake, mtoto alijikaza kama ubao na kulia mpaka sauti ikamkauka. Tulijaribu mbeleko, maji ya uvuguvugu, nyimbo zote tunazozijua. Siku moja, nikiwa nimechoka, nilimlaza kwenye kochi karibu na friji yetu kuukuu, ile inayonguruma hadi glasi kabatini zinatetemeka. Akanyamaza papo hapo. Nikatania kwamba kumbe mama mzazi ni friji. Ulimi hauna mfupa. Wifi aliinuka akaenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa, na mimi nilijichukia siku nzima.

Muuguzi alimshauri ampakate kifuani kila siku, mtoto atauzoea moyo wake. Anampakata. Mtoto hulia juu ya moyo huohuo.

Jana mchana umeme ulikatika. Friji ikakohoa, ikazima, na mtoto akaangua kilio. Mimi shangazi mtu nikabaki mikono kichwani. Wifi akamnyanyua, akamweka kifuani, akafumba macho, akaanza kunguruma. Haukuwa wimbo. Ulikuwa mngurumo uleule wa friji, wa chini, usio na kituo.

Mtoto akatulia. Nikaona ngumi zake zinafunguka, kidole kimoja kimoja. Wifi akafumbua macho, machozi yakimlengalenga, akanitazama kama anayeniuliza kama nami nimeona.

Kisha mtoto akageuza shingo, akaitafuta friji, akaikazia macho huku akisinzia.

Wifi akayafuata macho yale, akaona yalikotua. Hakuacha kunguruma.