Mstari wa Mama Chaki

Katika karakana ile ya sare za shule, Mama Chaki alianza kwa kushona vifungo. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa fundi mkuu, chaki nyuma ya sikio, na kauli yake ilikuwa moja: "Kosa la meza yangu ni langu." Wanawake wa cherehani waliigeuza utani. Sindano ikikatika, mmoja hupaza sauti, "La Mama Chaki hilo!" Naye hucheka nao.

Siku moja, akiwa na haraka, akachora mikono ya mashati sitini bila kuacha nafasi ya mshono. Mkataji, kijana waliyemwita Mkasi, akapanga vitambaa tabaka juu ya tabaka, akafuata mstari wa chaki, akakata vyote kwa mpigo. Mikono ikagoma kuingia kwenye mashati hata kwa kuvutwa.

Tajiri wao, mwenye karakana, akaja anafoka. "Nani kaharibu?"

Macho yote yakamwendea aliyeshika mkasi. Mama Chaki akafungua mdomo, akaufunga.

Mkasi akaondolewa mezani, akapelekwa kupiga pasi. Tangu siku hiyo sindano zilikatika kimyakimya. Kimya hicho kilimuuma Mama Chaki kuliko matusi.

Wiki ya tatu zikavuma habari kwamba kesho yake tajiri angeajiri mkataji mwingine. Mama Chaki akamfuata Mkasi kwenye mvuke.

"Mdogo wangu, ule mstari..."

"Ulikuwa wako, dada. Naujua. Ukifika kwapani huwa unapinda kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikusubiri wewe. Siku ya kwanza nikasubiri, ya pili nikasubiri. Sasa nimezoea joto, hata makunyanzi yamenyooka." Alicheka peke yake, akaligeuza shati.

Mama Chaki akaenda mlangoni kwa tajiri, akamwomba atoke, ili asemalo lisikike na wote. Akasema. Hakuacha neno. Tajiri akamkata mshahara, na Mkasi akarudi mezani jioni ileile.

Asubuhi Mama Chaki akachora mikono mingine. Mkasi hakugusa mkasi. Alichukua futi kwanza, akaanza kuupima upya mstari wa Mama Chaki, inchi kwa inchi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mama Chaki alisogea karibu. Alimshikia ncha ya pili ya futi.